Kwa Nini Breka Haikukata: Kuuelewa Umeme wa Bwawa la Maji ya Uvuguvugu

Mtoto ndiye aliyegundua. Alisema maji yanamuuma kila akishika ngazi. Wazazi wake walidhani klorini imezidi, wakaipunguza. Siku ya tatu mtoto akakataa kabisa kuingia bwawani, ndipo nikaitwa. Nilitumbukiza ncha moja ya mita majini, ya pili nikaigusisha kwenye ngazi ya chuma, na mita ikasoma volti 40 na ushei. Mwenye nyumba alinitazama kwa mshangao, akatamka maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi tangu nianze kazi hii ya umeme: "Lakini fundi, breka haijakata hata mara moja."

Tulifuata waya kutoka kwenye hita hadi nyuma ya ua wa maua. Hapo palikuwa na kiungo kilichozungushiwa tepu nyeusi, kimelala kwenye majani yenye umande. Nilipobandua tepu nikakuta waya wa kahawia umeungwa kwa wa kahawia, wa bluu kwa wa bluu, na ule wa kijani na njano umekatwa mfupi, haukuungwa popote. Hita ilikuwa inawaka vizuri bila huo, kwa hiyo aliyeunga aliona kazi imekwisha. Ndani ya hita, ganda la koili lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na pembeni yake ukoko mweupe wa chumvi. Umeme ulikuwa unatokea hapo na kuingia majini, siku tatu mfululizo, na breka haikuwa na habari.

Nimeandika makala haya kwa sababu ya sentensi ile ya mwenye nyumba. Watu wengi wanaotaka kupasha joto bwawa la bustanini huuliza namna ya kuufikisha umeme pale. Swali lenye uzito zaidi ni jingine: siku umeme utakapovuja, na vifaa vinavyokaa kwenye maji huvuja siku moja, utapita wapi, na nani atauzima?

Nyaya tatu na maneno mawili

Waya wa moto hupeleka umeme kwenye kifaa. Waya wa nyutro huurudisha. Kazi yote ya kuzungusha pampu na kupasha maji inafanyika kati ya hizo mbili. Waya wa tatu, wa ardhi, ndio ule wa kijani na njano, ni mlango wa dharura. Siku zote umefungwa na hakuna anayeukumbuka, lakini umeme ukitoroka na kugusa bodi ya kifaa, huupa njia nyepesi ya kuondokea ili usipite mwilini mwa mtu. Kwa kuwa kifaa hakiuhitaji ili kiwake, ndio wa kwanza kuachwa na fundi mwenye haraka.

Volti ni msukumo, kama urefu wa tangi la maji juu ya mnara. Ampea ni wingi wa umeme unaopita, kama maji yanayotoka bombani. Mwili huumizwa na kile kinachopita ndani yake, na kwa muda gani. Kipimo chake ni kidogo mno, hivyo tunakitaja kwa miliampea, yaani sehemu ya elfu ya ampea moja.

Miliampea moja hivi mtu huihisi kama kuwashwa. Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliwapima watu waliojitolea ili ajue ni wakati gani misuli ya mkono hukaza hata mtu akashindwa kuachia alichoshika. Kwa wastani wanaume walifika miliampea 16, wanawake 10.5. Ukipanda kuelekea 30 na zaidi, kadiri umeme unavyokawia mwilini, moyo unaweza kupoteza mapigo yake ukabaki unatetemeka tu bila kusukuma damu.

Sasa rudi kwenye volti 40 za ngazi ile. Ngozi kavu huzuia umeme vizuri kiasi, upinzani wake, unaopimwa kwa omu, unaweza kufika maelfu mengi ya omu. Ngozi iliyoloa haina ulinzi huo. Mwili uliozama majini unaweza kubaki na upinzani wa omu 1,000 au chini yake. Gawanya 40 kwa 1,000, unapata miliampea 40. Mtoto yule alikuwa anagusa ngazi kwa vidole tu. Angeikumbatia kwa mikono yote miwili huku maji yamemfika kifuani, hadithi hii ningeisimulia kwa namna nyingine.

Na majini kuna jambo ambalo nchi kavu halipo. Hata umeme usiofika kiwango cha kusimamisha moyo unaweza kukaza misuli ya mikono na miguu, muogeleaji akashindwa kuogelea, akazama kimya. Hupati kelele wala cheche. Anayetazama kando huona mtu amechoka tu.

Wengine husema maji safi hayapitishi umeme. Ni kweli kwa maji yaliyochujwa chumvi zote maabara. Maji ya bwawa yana klorini, chumvi na jasho la watu. Wengine hugeuza hoja upande wa pili, wakidai hatari iko kwenye maji ya chumvi peke yake. Hapo pia wanakosea. Maji yasiyo na chumvi hupitisha umeme kwa shida kuliko mwili wa binadamu wenye damu na chumvi ndani yake, kwa hiyo umeme ulioenea majini ukimkuta mtu huona yeye ndiye njia rahisi zaidi.

Breka hulinda waya

Breka imewekwa kukata pale umeme unaopita unapozidi uwezo wa waya, ili waya usiungue na nyumba isishike moto. Breka ya ampea 16 haioni tatizo lolote katika ampea 15, na uvujaji wa nusu ampea kwake si kitu. Lakini nusu ampea ni miliampea 500, zaidi ya mara 15 ya kiwango ambacho moyo huanza kuwa hatarini. Breka ni kama mlinzi wa daraja anayezuia malori yaliyozidisha uzito. Mtu akidondoka kutoka kwenye lori dogo katikati ya daraja, hiyo haikuwa kazi yake.

Kifaa kinachoitazama kazi hiyo ni RCD, mafundi wengine wamezoea kuiita ELCB. Yenyewe haijali umeme ni mwingi au mdogo. Hufanya kama mwalimu aliyewapeleka wanafunzi matembezini: huwahesabu wakitoka, huwahesabu wakirudi. Umeme uliotoka kwa waya wa moto lazima urudi wote kwa nyutro. Ikipungua hata sehemu ndogo, maana yake kuna uliopotelea njiani, labda kwenye udongo, labda kupitia kifua cha mtu, na RCD inazima kila kitu papo hapo. Ya bwawa inatakiwa iwe ya miliampea 30. Upungufu ukifika hapo, hukata ndani ya sekunde 0.3, ukifika miliampea 150, ndani ya sekunde 0.04.

Dalziel yuleyule aliyepima mikono ya watu ndiye aliyebuni, mwaka 1961, aina ya Marekani inayokata kwenye miliampea 5 hivi. Na kanuni za umeme za Marekani zilipoanza kukidai kifaa hicho kwa lazima, mwaka 1968, mahali pa kwanza palikuwa taa za ndani ya bwawa la kuogelea. Jikoni na bafuni vilifuata baadaye. Kwangu hilo linaeleza mengi kuhusu mahali hatari ilipo.

Hata hivyo RCD si hirizi. Unaweza kupigwa shoti na kuumia katika kile kipande cha sekunde kabla haijakata. Mtu akishika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine bila umeme kuvujia ardhini, RCD huona hesabu imetimia na haikati. Pia huzeeka, sehemu zake za ndani hukwama. Kile kitufe chenye herufi T kimewekwa ukibonyeze mara kwa mara, kama maelekezo yake yanavyosema. Kitufe huthibitisha kwamba mtambo wa kukata unafanya kazi. Hakisemi chochote kuhusu waya wa ardhi, ambao fundi anapaswa kuupima kwa mita.

Vyuma vyote viwe ndugu

Sehemu hii ndiyo inayowachanganya hata mafundi. Umewahi kuona ndege ametua kwenye waya wa umeme akatulia. Miguu yake yote miwili iko kwenye msukumo uleule, kwa hiyo hakuna kinachosukuma umeme upite ndani yake. Shoti huja pale unapogusa vitu viwili vyenye volti tofauti kwa wakati mmoja. Mtoto wetu alikuwa ndege aliyeweka mguu mmoja kwenye waya na mwingine kwenye udongo.

Ndiyo maana pembeni ya bwawa tunaunganisha pamoja vyuma vyote vinavyoweza kuguswa: ngazi, vishikio, nondo zilizo ndani ya zege, mabomba ya chuma, bodi ya pampu na ya hita. Waya wa shaba huvipitia kimoja kimoja na kuvifunga kwenye waya wa ardhi. Volti ikipanda kwenye kimoja, inapanda kwenye vyote kwa pamoja, na anayevishika anakuwa kama ndege yule. Kazi hii ni rahisi kabla zege halijamwagwa, na ni mateso baada ya hapo. Ukiwa bado unachimba shimo, mlete fundi umeme siku ileile anayofika mfunga nondo.

"Langu ni la plastiki, halihitaji hayo." Nalisikia hili kila mara. Plastiki haipitishi umeme, lakini maji yaliyomo yanapitisha, na pampu, hita na mabomba yameunganishwa na maji hayohayo. Mtu anayetoka akiwa ameloa hukanyaga nyasi kwa miguu mitupu huku mkono bado uko majini.

Waya wa ardhi wenyewe nao una utata wake. Katika nyumba nyingi, kampuni ya umeme huleta nyutro na ardhi zikiwa waya mmoja, kisha hutenganishwa kwenye mita. Ndani ya nyumba mpangilio huo ni mzuri. Lakini waya huo mmoja ukikatika barabarani, vyuma vyote vilivyofungwa kwenye ardhi ya nyumba vinaweza kupanda volti. Aliye sebuleni amevaa viatu kwenye sakafu kavu huenda asihisi kitu. Aliyeloa bustanini atahisi. Kwa hiyo mara nyingi fundi huamua bwawa liwe na ardhi yake, nondo ya shaba iliyopigiliwa kwenye udongo karibu na hapo, isiyoungana na ardhi ya nyumba.

Uamuzi huo una sharti lake. Chukua nondo yenye upinzani wa omu 100 ardhini. Waya wa moto wa volti 230 ukigusa bodi ya hita, umeme utakaopita kwenda ardhini ni 230 kugawanya kwa 100, yaani ampea 2.3. Breka ya ampea 32 haitashtuka hata kidogo, na bodi itabaki na umeme hadi mtu aiguse. RCD ya miliampea 30 itakata mara moja. Kwenye mpangilio wa nondo, bila RCD ni sawa na kutokuwa na ardhi kabisa.

Umbali

Viwango vya IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, vimeligawa eneo la bwawa kwa kupima kutoka ukingoni. Ndani ya maji kunaruhusiwa umeme dhaifu tu, wa volti 12 za mkondo geu kama wa umeme wa nyumbani, au volti 30 za mkondo mmoja kama wa betri, na transfoma yake ikae mbali na maji. Kutoka ukingoni hadi mita 2, na kwenda juu mita 2.5, soketi ya kawaida haina nafasi. Mita 1.5 zinazofuata soketi inaweza kuwepo ikiwa inalindwa na RCD. Baadhi ya nchi zina vipimo vikubwa zaidi, na fundi anafungwa na vya nchi yake. Mimi huwashauri watu wasogeze pampu na hita mbali kuliko kiwango kinavyodai, maana mabomba hayana gharama kubwa na waya mrefu wa kuongezea huwa unatambaa kuelekea majini wenyewe mara wageni wakitaka muziki.

Taa ya volti 12 huaminiwa kupita kiasi. Ni salama kwa sababu transfoma yake imetengenezwa kwa kutenganisha kabisa upande wa volti 230 na upande wa 12. Chaja au adapta yoyote uliyoikuta droo haina dhamana hiyo.

Joto hula umeme kuliko unavyodhani

Hapa ndipo wengi hukwama. Lita moja ya maji huhitaji wati-saa 1.16 ili ipande nyuzi moja ya Selsiasi. Inaonekana kidogo. Bwawa la mita 8 kwa 4 lenye kina cha mita 1.5 lina lita 48,000. Kila nyuzi moja inakula karibu uniti 56. Ukitaka kulipandisha nyuzi 10 ni uniti 558, bila kuhesabu joto linalopotea juu ya maji usiku. Hita ya koili ya kilowati 9 itafanya kazi saa 62 mfululizo.

Kwa volti 230, kilowati 9 ni ampea 39. Soketi ya kawaida imetengenezwa kwa ampea 13 au 16. Hakuna ujanja wa plagi unaoziba pengo hilo. Hita kama hiyo inahitaji laini yake kutoka kwenye ubao mkuu, na mara nyingi umeme wa fezi tatu, ambapo kila fezi hubeba ampea 13 hivi.

Pampu ya joto hupunguza mzigo huu sana. Ni kama friji iliyogeuzwa: huchota joto kutoka hewani na kulisukumia majini. Hewa ikiwa ya joto, ya kilowati 2 inaweza kutoa joto la kilowati 10, na inavuta ampea 9 tu. Kwa usalama pia naipendelea, kwa kuwa kinachogusa maji ndani yake ni bomba, mara nyingi la titani, linalobeba gesi yenye joto. Koili ya umeme haimo majini. Kuna jambo moja la kuangalia: zenye inveta, yaani kifaa cha kielektroniki kinachobadili kasi ya mota, zinaweza kuvujisha mkondo wa aina ya betri, ambao RCD za kizamani, aina ya AC, haziuoni na unaweza hata kuzipofusha. Kijitabu cha mtengenezaji hutaja aina inayotakiwa, iwe A, F au B. Fundi akinunua bila kukisoma, umelipia ulinzi usiokuwepo.

Waya mrefu nao hula volti. Pampu ya joto na pampu ya maji kwa pamoja, tuseme ampea 13, zikiwa mita 40 kutoka kwenye ubao kwa waya wa milimita za mraba 1.5, zitapoteza volti 15 njiani. Mota zitaanza kwa kukoroma na kupata joto. Kwa waya wa 4 zinapotea chini ya volti 6. Na eksitensheni iliyobaki imezungushwa kwenye gurudumu lake hujipasha yenyewe hadi plastiki ikayeyuka. Ndiyo maana gurudumu huandikwa viwango viwili, ikiwa imekunjuliwa na ikiwa haijakunjuliwa. Hata ikikunjuliwa, mahali pake si bwawani. Kiungo kilichofunikwa na mfuko wa nailoni nacho si kikavu. Mfuko huzuia mvua na kuufungia umande ndani.

Laini ya kudumu hupita chini ya udongo, kebo yenye ganda la chuma, kwa kina ambacho jembe halifiki. Sentimita 60 ni kina kinachotumika sana. Juu yake hulazwa utepe wa onyo kabla ya kufukia. Karibu na hita kuwe na swichi ya kuzima kila kitu, mahali panapoonekana na pasipofikika kutoka majini.

Kuhusu mabomba, mpangilio ni pampu, chujio, hita, kisha kiweka klorini mwisho kabisa. Klorini kali ikipitia kwenye hita kwanza, hula ganda la koili, na ufa kama ule niliouona huanza hivyo. Hita ya koili iwe pia na swichi ya mtiririko, inayoizima maji yakisimama.

Anayehisi kuwashwa majini

Atoke bila kugusa ngazi wala kishikio cha chuma, arudi alikotokea, na awaambie wengine watoke vivyo hivyo. Mmoja akimbilie kuzima swichi kuu. Kama kuna mtu amekwama au amezama, usijitupe majini kumfuata. Umeme uliompata yeye utakupata nawe, na waokoaji wengi wamefia hapo. Zima umeme kwanza. Ikishindikana, mvute kwa mti mkavu au mpini wa plastiki ukiwa umesimama pakavu, piga simu ya dharura, na kama hapumui anza kumkandamiza kifua palepale ukingoni, katikati ya kifua, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Kwa familia ile tuling'oa waya wote. Tulitandika kebo mpya, tukaweka RCD na hita nyingine, na kuiunganisha ngazi na vyuma vingine vyote. Kisha nikatumbukiza ncha ya mita majini na kuigusisha ile ya pili kwenye ngazi, hita ikiwa inawaka. Mita ilisoma 0. Mama yake mtoto akaniomba nipime tena, nikapima tena.